Kupanga ratiba ya msuli wa PCB mpaka Mei, kwa anayetaka udaktari akiwa Kigoma

Wadogo zangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mliopo huku Kigoma, wa bweni, wa kutwa na nyie mnaorudia kama watahiniwa wa kujitegemea, swali linalokuja sana kwangu ni mtihani wa kuingia udaktari unakuwaje na mtu anaanza kuusomea lini. Tuelewane hapo kwanza. India wana mtihani wao maalumu wa udaktari, Marekani nao wana wao, kwetu hamna kitu hicho. Mtihani wetu wa kuingilia udaktari ni huo huo wa kidato cha sita unaofanyika mwezi wa 5, Fizikia, Kemia, Baiolojia, basi. Uombe Muhimbili, Bugando, KCMC au UDOM, wote wanafungua matokeo yale yale ya Necta, yaani Baraza la Mitihani. Kwa hiyo usikae ukisubiri kuna siku utaitwa chuoni ukafanye mtihani mwingine wa kuingilia, hiyo siku haipo, ratiba yako yote inaelekea Mei.

Sasa kabla hujashika rula na peni za rangi, jua hesabu ya vyuo. Kwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na masomo yote matatu yana uzito sawa. Juu ya jumla ya pointi, udaktari wanaweka pia gredi ya chini ya kila somo, iko kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU ambacho kinatoka kila mwaka na ni bure mtandaoni, kipakue ukione mwenyewe chuo kwa chuo usisubiri kuambiwa. Maana yake ni kwamba A yako ya Baiolojia haiwezi kuibeba E ya Fizikia. Nimeona watoto wazuri sana, wana akili, wanaipenda Baiolojia, wanaisoma asubuhi wanaisoma usiku kwa sababu inasomeka kama hadithi, Fizikia wanaipa Jumamosi jioni wakiwa wamechoka, na Julai matokeo yakitoka ndo Fizikia hiyo hiyo inawafungia mlango. Ratiba ya mtu wa udaktari inaanza na somo bovu. Somo unalolipenda litajitafutia muda lenyewe.

Kazi ya kwanza ni kupima, ipe kama wiki nzima na usichore ratiba yoyote kabla haijaisha. Chukua silabasi, andika topiki zote za kila somo kwenye karatasi, za kidato cha tano na cha sita, kuanzia vipimo, mekanika, joto, mawimbi, umeme wa kutulia mpaka elektroniki na fizikia ya atomu, Kemia vilevile, Baiolojia vilevile. Kisha kila topiki itafutie swali moja la pasti pepa ulijibu bila kufungua daftari. Likijibika weka alama ya vema, ukibabaisha katikati weka nusu, ukikaa unaangalia dari weka mkasi (X). Usijipime kwa kusoma noti ukasema hii naijua, noti ukizisoma kila kitu unaona unakijua. Ukimaliza utakuwa na ramani yako, sio ya rafiki yako wala ile aliyobandika kaka fulani ukutani bwenini miaka mitatu iliyopita. Mwingine ana mikasi yote kwenye kemia ya kaboni, mwingine kwenye mzunguko na SHM (mwendo wa kwenda na kurudi kama wa pendulamu), hawa wawili hawawezi kutumia ratiba moja hata kama wanakaa dawati moja.

Kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakijui na kinaniuma sana kuona hakitumiki. Necta baada ya mtihani wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, iko kwenye tovuti yao bure. Mle ndani wanaonyesha swali liliuliza nini, waliopata walijibu vipi, waliokosa walikosea wapi, na wanaweka mpaka picha za majibu yenyewe yalivyoandikwa kwa mkono. Hayo ni madini. Pakua za Fizikia, Kemia na Baiolojia za miaka kadhaa, kama bando ni shida mmoja apakue mgawane kwenye simu, na kila unapomaliza topiki uende ukasome wenzako walidondokea wapi kwenye topiki hiyo. Vitabu na silabasi navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa hiyo kukosa kitabu dukani pale Mwanga sio mwisho wa habari.

Baada ya ramani, masaa. Hapa ndo ratiba nyingi zinakufa maana mtu anaandika masaa ya mtu mwingine. Anaandika saa 9 usiku naamka, saa 10 Fizikia, shule, nikirudi Kemia mpaka saa 6 usiku, wiki ya kwanza anakomaa, wiki ya pili anasinzia darasani kwa mwalimu ambaye ndo angemfundisha bure. Andika maisha yako yalivyo kweli kwa wiki moja, unafika nyumbani saa ngapi, maji unachota wewe, chakula unapika wewe, ibada, kulala. Kinachobaki ndo mtaji wako. Mwanafunzi wa kutwa anayesaidia nyumbani akipata masaa 3 ya kweli siku za shule, 6 Jumamosi na 3 Jumapili, ana masaa 24 kwa wiki, na hayo ukiyatumia vizuri kuanzia Julai mpaka Mei yanatosha kabisa kumfikisha mtu.

Na kwa huku kwetu kuna mambo mawili ya kuingiza kwenye hesabu ambayo ratiba za mtandaoni za watu wa Dar hazina. La kwanza ni mwezi. Kama nyumbani mnaishi kwa dagaa, Kibirizi au Katonga, unajua mwenyewe kwamba kwenye giza mitumbwi inatoka kila usiku na asubuhi kuna kuanika, kugeuza, kuanua mvua ikitishia, na mama hawezi peke yake. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, watu wanapumzika, kazi inapungua. Sasa kwa nini uwe na ratiba ya wiki inayofanana mwezi mzima? Angalia kalenda ya mwezi, wiki za giza jipangie kazi nyepesi, kurudia, maswali mafupi, Baiolojia ya kusoma, na wiki ya mbalamwezi ndo uingize topiki ngumu mpya na pepa nzima za masaa 3. Kaa na mama au baba uwaonyeshe hiyo karatasi kabisa, mzazi akiona umeiheshimu kazi yake kwenye ratiba naye ataiheshimu ratiba yako, na hata wadogo zako atawaambia wakuache.

La pili ni jua. Saa ni moja nchi nzima ila jua letu linachelewa dakika kama 40 nyuma ya la Dar, saa 12 asubuhi huku bado giza wakati wenzetu wa pwani wameshaamka na mwanga. Jioni tunafidiwa, mwanga upo mpaka kwenye saa 12 na nusu na zaidi. Kwa hiyo kama umeme kwenu ni wa kubahatisha, itumie jioni hiyo kukaa nje na daftari kabla ya kazi za usiku, ni mwanga wa bure. Ila mtihani unaanza asubuhi kwa saa ile ile ya nchi nzima, mwezi wa mwisho inabidi uuzoeshe mwili kufikiri mapema, nitarudi hapo.

Tuseme una hayo masaa 24. Mimi kwa mtu ambaye Fizikia ndo mbovu ningempa Fizikia masaa 8, Kemia 7, Baiolojia 5, BAM (hesabu za msingi, Basic Applied Mathematics) 2, GS (General Studies) 1, na saa 1 inabaki tupu makusudi, ya kuokoa kilichodondoka ndani ya wiki. Mwenye Kemia mbovu ageuze. Baiolojia naipa machache sio kwa sababu ni ndogo, ni kwa sababu inasomeka hata vipande vipande, kwenye daladala, ukiwa jikoni, ukisubiri foleni ya maji, ila mekanika na hesabu za msawazo wa kemikali zinataka ukae chini na peni. BAM na GS haziingii kwenye pointi za divisheni, kwa hiyo usizipe usiku wako mzuri, ila usizitupe pia.

Sasa jinsi ya kuandika ndani ya hayo masaa, na hili ndo naomba mlishike kuliko mengine yote. Usiandike "saa 2 mpaka saa 3 na nusu Fizikia". Hiyo haina mwisho, utafungua kitabu, utapiga mstari kwa haikalaiti, saa itafika na utajiona umesoma. Andika kazi inayoweza kuhesabiwa. "Projectile, maswali 6 ya pasti pepa, nisahihishe, niandike niliyokosa." "Kutoka benzini mpaka asidi benzoiki, nichore njia 3 bila kuangalia." "Homeostasisi, nieleze figo inavyotengeneza mkojo kwenye ukurasa mmoja kwa kichwa, kisha nilinganishe na kitabu." Kazi ikiisha mapema funga daftari ukalale au ingia nyingine, isipoisha inaingia kwenye ile saa tupu. Hapo ndo unajua wiki hii umefanya nini, maana masaa mtu unaweza kujidanganya lakini maswali yaliyosahihishwa yapo kwenye karatasi yanaonekana.

Na kusahihisha ni nusu ya kazi. Kuwa na daftari moja la makosa, kila swali ulilokosa liandike na sababu, sikujua fomula, nimesahau kubadili uniti, sikusoma swali vizuri, hesabu imeharibika mwishoni. Baada ya mwezi utashangaa jinsi makosa yenyewe yanavyojirudia, mtu anakuta yeye Fizikia anaijua ila uniti ndo zinamla.

Kwenye kalenda kubwa hesabu kurudi nyuma kutoka Mei. Aprili yote ni ya pepa kamili na kurudia, hakuna topiki mpya. Machi ni ya kuziba matundu yaliyoonekana kwenye mitihani ya utimilifu. Kwa hiyo topiki za kidato cha sita ziwe zimeisha mpaka Februari, na shule ikichelewa usiisubiri, soma mwenyewe kisha mwalimu akifika utakuwa unasikiliza kwa mara ya pili. Likizo ya Desemba ndo hazina ya kidato cha tano, mekanika na joto, kemia ya jumla, saitolojia, uratibu, maana watu wengi wanafika Mei wamevisahau kabisa vitu vya mwaka wa kwanza wakati Necta wanauliza silabasi nzima. Desemba huku mvua inapiga, kwenye bati husikii hata unachofikiri, panga muda huo uwe wa kuandika na sio wa kusikiliza video au kukariri kwa sauti. Kama umeianza ratiba hii Januari umechelewa ila hujafa, unabana tu, mikasi kwanza, nusu baadaye, vema unaziacha mpaka Aprili.

Kurudia kusipopangwa hakutokei. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliandika tangu 1885 jinsi mtu anavyosahau alichojifunza, mwanzo kwa kasi kubwa halafu taratibu, na ndo maana unasoma jenetiki Jumatatu na Ijumaa unaiona ngeni. Dawa yake haina gharama, ukimaliza topiki leo andika pembeni tarehe tatu za mbele, kesho, wiki ijayo, mwezi ujao, na siku hizo usiisome upya bali jibu maswali mawili matatu ya topiki hiyo. Dakika 15 zinatosha. Hizi ndo zinafaa wiki za giza.

Praktiko sasa. Naona ratiba nyingi nzuri hazina hata mstari mmoja wa praktiko, wanasema tutafanya shule ikitupeleka maabara karibu na mtihani. Kila somo kati ya hayo matatu lina karatasi ya tatu ambayo ni ya praktiko, na kwa maoni yangu ndo karatasi inayojulikana zaidi kuliko zote maana aina za majaribio zinazunguka zile zile. Kemia kuna taitresheni, kuna uchambuzi wa chumvi, kuna kasi ya mmenyuko. Fizikia kuna pendulamu na ndugu zake, kuna kupoa kwa kitu cha moto, kuna umeme wa mita briji na potenshiometa. Baiolojia kuna upasuaji wa panya, chura au mende, kuna kupima vyakula, kuna kutambua na kupanga viumbe. Ipe praktiko siku yake kila wiki kuanzia mapema. Pendulamu haihitaji maabara, funga jiwe dogo kwenye uzi, pima urefu wa mita 1 na rula, anza na stopwochi ya simu, mizunguko 20 itakupa sekunde kama 40. Punguza urefu mara tano sita, chora grafu ya kipindi kilichozidishwa kwa chenyewe (T²) dhidi ya urefu, tafuta mteremko, gawanya 4π² kwa huo mteremko upate g. Ukipata 9.7 au 9.9 umefanya vizuri, ukipata 7 rudi uangalie ulivyohesabu mizunguko na ulivyotafuta mteremko, na urefu nao upime mpaka katikati ya jiwe sio mpaka juu yake. Grafu zenyewe zinakula alama za watu, skeli mbovu, hamna jina la grafu, mhimili hauna uniti, mteremko haujaonyeshwa umetoka wapi. Chora moja kila wiki.

Taitresheni huwezi kuifanyia nyumbani, hapo mfuate mwalimu au fundi wa maabara umwombe kwa heshima uoshe vyombo mkimaliza, wengi wanakubali, na hesabu zake zifanye nyumbani mpaka zikuchoshe. Baiolojia michoro, penseli iliyochongwa, mistari ya majina inyooke kwa rula bila vichwa vya mishale, usitie kivuli. Nyie wa kujitegemea hili ndo la kulipigania kuliko yote, tafuteni shule yenye maabara muongee na mkuu wa shule tangu mwanzo wa mwaka, mkienda wanne watano kwa pamoja inakuwa rahisi kuelewana kuliko kila mtu kivyake mwezi wa nne.

Lugha nayo iingie kwenye ratiba. Tunaongea Kiha nyumbani, Kiswahili mtaani, na mtihani ni Kiingereza kitupu. Kuelewa eleweni kwa lugha yoyote, kwenye diskasheni mwelezane kwa Kiswahili mpaka kieleweke, hamna dhambi, ila kila wiki andika insha moja ya Baiolojia kwa Kiingereza ndani ya muda, na mwalimu aisome. Kuna mtu anaijua fotosinthesisi yote lakini kwenye karatasi anaandika mistari sita kwa sababu maneno ya kuunganisha hana.

Diskasheni iwe mara moja kwa wiki, watu wasiozidi watano, na kila mtu aje na maswali aliyoshindwa, mkikutana bila maswali mtaongea mambo ya mpira. Simu ukisoma iwe chumba kingine, ukihitaji video ya topiki ipakue mapema.

Kila Jumapili jioni kaa nusu saa na ratiba yako. Kipi kimefanyika, kipi kimedondoka, mkasi upi umegeuka nusu, nusu ipi imekuwa vema. Kama kazi moja imedondoka wiki tatu mfululizo, ama ni kubwa sana igawe, ama unaiogopa, na unayoiogopa ihamishie kwenye muda wako wenye nguvu kuliko yote. Umeumwa, kuna msiba, kuna kazi ya nyumbani imeingia, usijaribu kulipa masaa yote yaliyopotea kwa kukesha, futa kilicho chepesi uendelee. Usingizi wa masaa 7 uuandike kwenye ratiba kama somo.

Mwezi wa mwisho, lile la asubuhi. Kuanzia Aprili kila Jumamosi saa 2 kamili asubuhi kaa na pepa nzima, masaa 3, bila simu, bila chai katikati, ukimaliza pumzika, jioni sahihisha. Ratiba ya mtihani ya Necta ikitoka ibandike, angalia somo gani linafuatana na lipi, siku ya mapumziko iko wapi, ugawe marudio ya mwisho kufuata hiyo. Wiki mbili za mwisho ni daftari la makosa, fomula, njia za kemia ya kaboni, michoro, vitabu vikubwa vifunge.

Na kuna kazi za ofisini nazo ziingie kwenye kalenda, ziwekeni kabla ya Mei. Cheti cha kuzaliwa kama huna anza kukifuatilia sasa, na kikiwepo kagua jina lako liwe herufi kwa herufi sawa na la cheti cha kidato cha nne, maana mkopo wa elimu ya juu wanataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na jina likipishana utazunguka wiki nzima. Ukimaliza mtihani unaweza kuitwa JKT, labda kambi ya Bulombora hapa hapa Kigoma, labda mkoa wa mbali kabisa, na ukiwa kambini huna simu ya kukimbizana na karatasi. Nakala za vyeti, picha ndogo, namba ya mtihani na nywila ya barua pepe yako acha kwenye bahasha kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini, na umfundishe kabisa namna ya kuingia kwenye tovuti ya chuo, ili dirisha la maombi likifunguliwa matokeo yakishatoka asiwe anaanza kuuliza majirani.